Hatua ya Thelathini na Saba

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa yenyewe inajijua, baridi ilitangulia kufika na serikali ikaja baadaye. Viongozi wetu wamelichukulia hilo kama utovu wa nidhamu, na wamekuwa wakijitahidi kulirekebisha kwa miaka mingi.

Nchi yenyewe iko juu milimani. Mwezi wa sita na wa saba majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu, na maji ya kunawa yaliyoachwa nje kwenye ndoo hubidi yagongwe kwanza. Umeme wetu unatoka kwenye bwawa moja tu. Kila nyumba ikiwasha hita yake ya waya asubuhi, ikifika saa sita mchana bwawa linachoka, taa zinazimika, na wananchi wanarudi kwenye blanketi zao wakiwa na imani kubwa kwa serikali.

Kwa sababu hiyo iliundwa Wizara ya Joto la Wananchi. Wizara ilifanya utafiti wa miaka miwili, mmoja kati ya hiyo ukiwa umetumika katika nchi za pwani ili wataalamu wapate kitu cha kulinganisha. Waliporudi, wamekolea rangi nzuri ya jua, walituletea kitabu kinene kiitwacho Mwongozo wa Kipaumbele cha Maboresho ya Nyumba kwa Njia Nafuu. Ndani yake mlikuwa na hatua thelathini na saba. Kila nyumba ilitakiwa kuzifuata kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kila hatua na muhuri wake.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutundika kibao mlangoni chenye maneno NYUMBA HII INAOKOA UMEME. Ya pili, picha ya Mheshimiwa Waziri ndani ya fremu. Ya tatu, semina. Ya nne, cheti cha kuhudhuria semina. Ya tano, fremu ya cheti. Mambo yakaendelea hivyo kwa utaratibu wa kupendeza mpaka hatua ya thelathini na saba, ya mwisho kabisa, iliyosema: kuziba nyufa na mianya inayopitisha upepo.

Watu wawili watatu waliuliza kwa nini hiyo isiwe ya kwanza. Wizara ikajibu redioni kwamba mianya ikizibwa mwanzoni, hatua nyingine thelathini na sita zitaonekana hazina faida, na wataalamu watavunjika moyo. Tuliona ni jibu la haki. Mwongozo wenyewe ulikuwa mnene kiasi kwamba baadhi ya watu waliutumia kuzibia dirisha lililovunjika kioo, jambo ambalo lilipigwa marufuku katika toleo la pili.

* * *

Mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka kisimani, aliishi fundi cherehani aitwaye Sekela. Sisi tulimwita Mama Tusa, kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza huku pini zimebanwa kwenye midomo, kwa hiyo maneno yake yalitoka machache na yaliyonyooka.

Mwezi wa sita, wiki ya kwanza, Tusa alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike, mzito kama mfuko wa unga wa kilo moja na nusu. Walikaa zahanati siku nne. Siku ya tano muuguzi alimwita Mama Tusa pembeni.

"Mama, nitakuambia kama ndugu yako," alisema. "Humu wodini kuna baridi kuliko uwanjani. Mpelekeni nyumbani. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Na chumba kisipitishe upepo. Mtoto wa uzito huu akipoa mara moja, kumrudisha ni kazi."

"Akipoa, nitajuaje?"

"Mguse miguu. Miguu ikiwa baridi, mmechelewa kidogo. Tumbo likiwa baridi, mmechelewa sana."

Walimpeleka nyumbani. Nyumba ya Mama Tusa ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, na bati juu. Kama nyumba zote za mtaani, kati ya ukuta na bati pengo lilizunguka pande zote nne, upana wa kiganja cha mkono. Waliwasha hita asubuhi. Saa sita umeme ulikatika kama kawaida, na kabla ya saa saba Mama Tusa alipoingiza mkono chini ya khanga ya binti yake, vidole vya miguu ya mtoto vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kukanyaga sakitu.

Hakupiga kelele. Alivua sweta lake akamfunika Tusa, akachemsha maji kwa kuni, akayatia kwenye chupa na kuizungushia kitambaa. Mtoto alipopata joto, aliwasha mshumaa. Alizunguka nao chumba kizima, polepole, akiusogeza kando ya mlango, kando ya madirisha, na akiwa juu ya kiti akaufikisha kwenye lile pengo la chini ya bati. Huko ndiko mwali ulikolala kabisa, ukazimika.

"Ni hapa," alisema.

Kwa kuwa alikuwa raia mwema, kesho yake asubuhi, kabla ya kufanya lolote, alikwenda ofisi ya kata kuomba ruhusa.

* * *

Aliyekuwa zamu alikuwa Bwana Hosea Ndimbwa, Mkaguzi wa Joto Daraja la Pili. Alikuwa amevaa makoti mawili, na miguu yake ilikuwa ndani ya katoni iliyojazwa magazeti, jambo ambalo halimo katika hatua yoyote, lakini maofisa wana mazingira magumu ya kazi.

"Mama, umefika hatua ya ngapi?" aliuliza.

"Ya pili, Bwana Mkaguzi. Picha ya Waziri ipo ukutani."

"Hongera. Na unaomba nini?"

"Naomba nifanye ya thelathini na saba. Hiyo moja tu. Nina mjukuu wa wiki moja, alizaliwa njiti, na upepo unampiga."

Bwana Ndimbwa alifungua Mwongozo, akalamba kidole, akaupekua mpaka mwisho kana kwamba hakujua kilichoandikwa humo.

"Kutoka ya pili kwenda ya thelathini na saba," alisema, "utakuwa umeruka hatua thelathini na nne. Mama, unajua jina la kosa hilo?"

"Sijui, baba."

"Kujipatia joto kinyume cha utaratibu. Adhabu yake ni nyumba kurudishwa katika hali ya awali, mbele ya mashahidi. Kila tulichokiziba tunakizibua." Aliinama mbele. "Semina ijayo ni mwezi wa tisa. Jiandikishe."

"Mwezi wa tisa mtoto atakuwa ameshaondoka duniani, Bwana Mkaguzi."

"Basi hamtahitaji joto jingi," alisema Bwana Ndimbwa. Maneno hayo yalimtoka tu, kwa mazoea ya ofisi. Waliokuwepo wanasema alijiinamia baada ya kuyasema, akawa anapanga upya magazeti miguuni. Lakini muhuri hakuupiga.

* * *

Mama Tusa alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Lugano, seremala, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Lugano alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, mkubwa wa mwili, mwoga wa serikali kupita mtu yeyote ninayemfahamu. Alikuwa ametundika vibao viwili mlangoni ili kuwa upande salama.

"Kaka Lugano, nipe maranda."

"Ya kuwashia moto?"

"Ya kuziba juu ya ukuta."

Lugano aliangalia nyuma yake, kisha akaangalia barabara. "Dada, hiyo si ndiyo thelathini na saba?"

"Ndiyo hiyo."

Tusa alikohoa upande wa pili wa ukuta, na baada ya kikohozi ikasikika sauti ya mtoto, nyembamba, kama bawaba ya mlango mdogo.

"Chukua yote," alisema Lugano. "Nitakuja na nyundo. Lakini nikiulizwa, nilikuja kutengeneza kitanda."

Walifanya kazi tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Mama Tusa alishona viroba vya unga kuwa mifuko mirefu, myembamba, akaijaza maranda ya mbao. Lugano akaisokomeza katika pengo la chini ya bati, pande zote nne. Viroba vingine akaviunganisha kuwa kitambaa kimoja kikubwa, wakakitandaza chini ya kenchi za paa kama dari. Nyufa za ukuta wakazijaza udongo uliochanganywa na majivu. Mlangoni pakashonwa mto mrefu wa matambara wa kuziba chini, na blanketi kuukuu likawa pazia. Maharage yalipochemka, Mama Tusa aliyaondoa motoni akaifukia sufuria ndani ya kapu la matambara, yakaiva humo yenyewe bila kuni hata kijiti kimoja. Katika kazi yote hiyo hakununua kitu isipokuwa misumari.

Siku ya pili yake umeme ulikatika saa sita kama kawaida. Saa saba Mama Tusa aligusa miguu ya mtoto. Saa nane aligusa tena. Saa tisa Tusa alimwambia, "Mama, acha kumgusagusa, utamwamsha. Ana joto." Na Mama Tusa, ambaye hakuwa amelia mbele ya muuguzi wala mbele ya mkaguzi, alikwenda kukaa nyuma ya cherehani akageukia ukutani kwa muda.

* * *

Tatizo lilikuwa mita. Nyumba iliyokuwa ikiwasha hita tangu asubuhi mpaka umeme ukatike sasa iliiwasha kwa saa moja tu alfajiri, na katika nchi yetu mtu anayetumia umeme kidogo ni mtu wa kutiliwa shaka. Wiki mbili baadaye Bwana Ndimbwa alifika mlangoni na wasaidizi wawili, kipimajoto kimoja na mtaimbo.

"Mita yako inasinzia, Mama," alisema. "Ama unaiba umeme, ama umejipatia joto. Tunaingia."

Waliingia. Tusa alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, khanga mbili juu. Hakusimama. Mkaguzi alinyanyua macho akaona dari ya viroba, yenye maandishi UNGA SAFI DARAJA LA KWANZA kuanzia ukuta huu hadi ule.

"Hii ni thelathini na saba," alisema taratibu. "Tena imekamilika." Akamgeukia msaidizi. "Teremsha."

Msaidizi alipanda kwenye kiti, akachomeka mtaimbo juu ya ukuta, akavuta. Mfuko wa kwanza ulianguka, maranda yakamwagika juu ya cherehani, na upepo ukaingia kwa mluzi. Mtoto alishtuka, akalia. Tusa alijikunja juu yake.

"Bwana Mkaguzi," alisema Mama Tusa. Pini hazikuwa mdomoni siku hiyo. "Pima kwanza. Sheria si inasema mpime kwanza? Ukishazibua, utaandika nini kwenye fomu?"

Bwana Ndimbwa alisita. Fomu ilikuwa jambo zito. Alimwamuru msaidizi arudishe mfuko kwa muda, akatoa kipimajoto, akakaa. Kipimo kilitakiwa kuchukua nusu saa. Baada ya robo saa alivua koti la kwanza. Baada ya nusu saa alivua la pili, na mmoja wa wasaidizi akawa amelala akiegemea ukuta, mdomo wazi. Mkaguzi alitazama namba, akatazama dirishani ambako upepo ulikuwa ukirusha vumbi, akatazama tena namba.

"Kipimo hiki hakiaminiki," alitangaza. "Tutakirudia."

Walikirudia mpaka jioni. Kesho yake walifika saa mbili asubuhi, wakiwa wanne, wakakirudia tena. Siku ya tatu walikuja na meza. Ya nne ikaletwa kabati la mafaili. Ya tano Mkurugenzi wa Wizara mwenyewe alifika kukagua ukaguzi, akavua viatu, na ndipo ilipoamuliwa kwamba jambo la nyumba hii ni la kitaifa.

Barua ilisomwa mlangoni siku ya Jumatatu. Nyumba ilitangazwa kuwa Nyumba ya Mfano. Itakuwa makao ya muda ya Ofisi ya Joto, na wakazi wake, kwa kuwa uwepo wao unaweza kuvuruga vipimo, watahama ndani ya saa mbili.

"Tuhamie wapi?" aliuliza Mama Tusa.

Mkurugenzi aliangalia ile barua mbele na nyuma. "Hapa hapakuandikwa," alisema kwa upole.

* * *

Siku hiyo upepo ulikuwa wa kusini. Tusa alitembea amejifunika blanketi hadi kichwani, mama yake mbele akimkinga kwa mwili. Hawakwenda mbali. Lugano alikuwa tayari amefungua mlango wake wenye vibao viwili, akitetemeka, sijui kwa baridi au kwa serikali.

"Ingieni jikoni," alisema. "Ndicho chumba kidogo."

Chumba kilikuwa kidogo, ndiyo, lakini kilipitisha upepo kama ungo. Umeme ulikuwa umekatika. Mama Tusa alipoingiza mkono chini ya khanga, miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi. Akapandisha mkono tumboni, akauacha hapo.

"Mama?" aliuliza Tusa.

Mama Tusa aliuhamisha mkono upande wa pili wa tumbo.

"Mama, tumbo likoje?"

"Vua," alisema Mama Tusa. "Vua kila kitu juu, mshike vizuri. Kaka Lugano, washa moto, kisha tutolee kila kilicho laini humu ndani."

Lugano alileta godoro lake akalisimamisha mlangoni. Akapasua mto. Akaleta nguo za marehemu mkewe, ambazo hakuna mtu aliyewahi kumwona akizigusa tangu msiba, akaanza kuzisokomeza moja moja chini ya bati, kitenge, sketi, kilemba cha kanisani, huku akisema kwa sauti ndogo, "Hapa. Na hapa. Na hapa bado." Mama Tusa alipitisha mshumaa, yeye akafuata nyuma. Tusa alikuwa akihesabu pumzi za mtoto, midomo tu ikicheza.

Zilipita dakika arobaini. Kisha mtoto alifungua mdomo, akageuza kichwa kutafuta ziwa, akanyonya kwa nguvu mpaka Tusa akasema "Aa!" kwa maumivu. Lugano alikaa sakafuni, kilemba kimoja bado mkononi, akajipangusia uso.

"Sasa nami nimeruka hatua," alisema.

* * *

Habari ya jikoni kwa Lugano ilienea bila mtu kuitangaza. Mama Njelu wa nyumba ya tano alikuja kuuliza. Kisha jirani wa karibu na kisima. Mama Tusa aliwapa jibu moja wote: washa mshumaa, anza pale unapozimika, mengine baadaye. Kwa kuwa wakaguzi wote walikuwa wamejazana kwenye Nyumba ya Mfano, wakiota joto, hakuna aliyepita mtaani kutazama. Ndani ya mwezi mmoja nyumba kumi na tisa zilikuwa na dari za viroba. Lugano, kwa woga wake, ndiye aliyepata wazo la upande wa nje: alichora nyufa kwa mkaa kwenye kuta zote, na chini ya kila bati akapaka mstari mweusi mnene, ili mtu akitazama kutoka barabarani aone mianya ya kutosha kwa mujibu wa sheria. Alizichora vizuri sana. Nyufa zake zilitisha kuliko zile za mwanzo.

Nayo Nyumba ya Mfano iliendelea. Waliweka kibao kipya, kikubwa, na misumari yake ikapasua ukuta. Wakatoboa bati kupitisha nguzo ya bendera. Viroba vya darini viliondolewa kwa kuwa maneno UNGA SAFI hayakulingana na hadhi ya Wizara. Mifuko ya maranda upande wa mashariki ikatolewa ili picha ya Waziri, ya ukubwa wa mlango, ipate nafasi. Wageni waliingia kwa makundi kujifunza, na mlango haukufungwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Kufikia mwisho wa mwezi wa saba, wakaguzi walikuwa wamevaa tena makoti mawili mawili, na Bwana Ndimbwa alikuwa amerudisha miguu kwenye katoni.

Katika hali hiyo ndipo Mheshimiwa Waziri alipokuja kuizindua.

* * *

Wote tulioweza kusimama tulitolewa majumbani tukapangwa barabarani. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mbele kulikuwa na utepe na mkasi juu ya mto mwekundu. Nyuma ya gari la Waziri lilisimama lori, na ndani ya lori tuliona vijana wenye mitaimbo.

Waziri alikata utepe, akaingia, akakaa ndani dakika tano. Alipotoka, pua yake ilikuwa nyekundu.

"Ndugu wananchi," alisema, na meno yake yakagongana kwenye kipaza sauti. "Ni-ni-nimefarijika na joto nililolikuta. Hata hivyo nina maswali mawili. La kwanza: joto lenyewe liko wapi? La pili: Shirika la Umeme limeniletea taarifa kwamba mtaa huu sasa unatumia nusu ya umeme wa zamani. Ama wananchi wamehamasishwa na Nyumba ya Mfano, ama wameziba mianya kinyume cha utaratibu. Ikiwa ni la pili, vijana wale wataizibua leo hii, nyumba moja baada ya nyingine. Aliyeijenga nyumba hii yuko wapi?"

Mama Tusa alisogea mbele. Nyuma yake Tusa alikuwa amesimama mlangoni kwa Lugano, mtoto kifuani. Sisi wengine tulitazama chini, tukiwaza watoto wetu na wazee wetu waliolala ndani. Mimi nilimtazama Lugano; naye alikuwa akiutazama ukuta wa nyumba yake. Manyunyu yalikuwa yameufikia mkaa. Ufa mkubwa kuliko wote, ule aliojivunia, ulikuwa ukiteremka ukutani taratibu kama wino.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mama Tusa.

"Marahaba. Joto liko wapi?"

"Mheshimiwa, nyumba hii ilipimwa ikiwa na vifaa vyake vitatu vya joto. Vikatolewa kwa barua. Tangu siku hiyo imepoa."

"Vifaa gani?"

"Mimi, binti yangu na mjukuu wangu."

Mtu mmoja alikohoa akajuta.

"Na umeme wa mtaa?" aliuliza Waziri, macho yamebanwa.

"Watu wakiitazama hii Nyumba ya Mfano, Mheshimiwa, na ile picha yako kubwa, wanaona haya kuwasha hita."

Waziri alifikiri. Jibu lilikuwa na picha yake ndani, na hilo lilimpendeza, lakini bado hakuwa ameshawishika. Alimgeukia Bwana Ndimbwa. "Mkaguzi! Wewe ulikuwepo. Ni kweli mlitoa vifaa? Au kuna mianya iliyozibwa katika mtaa huu?"

Bwana Ndimbwa alikuwa amesimama ameielekea nyumba ya Lugano. Aliuona ule ufa. Nina hakika aliuona, kwa sababu aliufuata kwa macho tangu juu, ukiteremka, mpaka ulipodondoka kwenye jiwe la msingi na kuwa doa. Kisha macho yake yakahamia mlangoni, kwa Tusa, na kwenye kichwa kidogo kilichochomoza juu ya khanga. Vijana kwenye lori walikuwa wameshaanza kusimama.

"Ni vifaa, Mheshimiwa," alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Vilitolewa kimakosa. Kosa la karani. Mtaani mianya ipo, tena mingi. Ndiyo hiyo inaonekana."

"Basi virudishwe!" alisema Waziri. "Leo! Na viandikwe kwenye kitabu cha vifaa, visipotee tena!"

Tulipiga makofi, mikono ikiwa ya baridi na yenye nguvu zisizo za kawaida. Lori liliondoka na mitaimbo yake.

* * *

Ndivyo Mama Tusa alivyoipata tena nyumba yake. Ofisi ilihama kabla ya jioni, kwa kuwa kulikuwa na baridi mno. Kwenye kitabu cha Wizara wameandikwa mpaka leo: vifaa vya joto, vikubwa viwili, kidogo kimoja, hali nzuri. Kila mwisho wa mwezi mtu huja kuhakikisha kwamba vyote vitatu vipo. Kile kidogo kina kilo nne sasa, na huyo anayekuja hulazimika kungoja kimalize kunyonya ndipo akihesabu.

Walirudisha viroba darini, Lugano akaziba tundu la nguzo ya bendera kwa mbao. Nguo za mkewe hakuzitoa kule chini ya bati lake. Alisema zimekaa vizuri.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, alasiri moja ya upepo mkali, mlango wa Mama Tusa uligongwa na kufunguliwa. Alikuwa Bwana Ndimbwa, peke yake, bila kipimajoto. Alisimama kizingitini na kofia mkononi. Mama Tusa alikuwa kwenye cherehani, Tusa akimbadilisha mtoto nepi kitandani.

"Sijaja kikazi, Mama," alisema. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Muuguzi anasema huenda wakawa wawili. Nyumba yetu ya serikali ina hatua thelathini na sita zote, na mihuri yake." Aliikunja kofia. "Upepo unaingia tu. Nisamehe kwa yale niliyokuambia siku ile ofisini. Sijui pa kuanzia."

Alitoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa mpya, akaandika namba moja na nukta mbele yake, akangoja huku amenyanyua kalamu.

Mama Tusa alitoa pini mdomoni.

"Kwanza, baba, funga mlango. Mtoto yuko uchi."

Bwana Ndimbwa aliandika: *Funga mla*. Kisha akageuka, akauona mlango ulivyo wazi nyuma yake na pazia likipepea mpaka kitandani, akatia daftari mfukoni, akaufunga.